Luol Deng: kutoka ukimbizini hadi NBA, na kurudi kwa vijana wa nyumbani

Kama unapita karibu na uwanja wa mpira wa kikapu jioni, huenda umesikia vijana wakitaja jina la Luol Deng. Alicheza ligi ya NBA ya Marekani kwa misimu 15. Kabla ya hapo alikuwa mtoto mkimbizi.

Alianzia wapi?

Deng alizaliwa mwaka 1985 mjini Wau, ambao leo uko Sudan Kusini. Kwa sababu ya vita, familia yake ilikimbilia Misri akiwa bado mdogo. Huko alifundishwa mpira wa kikapu na Manute Bol, mtu wa nyumbani kwao aliyekuwa tayari amecheza NBA. Baadaye familia ilipata hifadhi Uingereza, ikaishi London. Akiwa na miaka 14 alikwenda Marekani kusoma sekondari, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Duke.

Alicheza wapi?

Mwaka 2004 alijiunga na Chicago Bulls, akakaa nao karibu miaka 10. Baada ya hapo alichezea Cleveland, Miami, Los Angeles Lakers na Minnesota. Mara mbili, 2012 na 2013, alichaguliwa kucheza mechi ya nyota wa NBA. Alikuwa amepata uraia wa Uingereza mwaka 2006, na mwaka 2012 aliichezea nchi hiyo katika Olimpiki ya London, mji uliompokea akiwa mkimbizi.

Amewafanyia nini wengine?

Alistaafu mwaka 2019, na mwaka huohuo akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Nchi haikuwa na uwanja wa ndani, hivyo timu ilifanya mazoezi ugenini, na Deng alitoa pesa zake mwenyewe kuisaidia. Mwaka 2023 timu ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Katika timu hiyo alikuwemo Khaman Maluach, miaka 17, aliyekulia Uganda kama mkimbizi na kuanza kucheza hukohuko.

Wewe ufanye nini?

Tuseme ukweli: watoto wengi wanaocheza hawatafika NBA. Deng mwenyewe hakubebwa na kipaji peke yake. Alipata mtu wa kumfundisha, hati za kuishi kihalali, na shule. Kwa hiyo:

- Kijana, cheza, lakini usiache masomo. Hata Deng, mlango wa Marekani aliufungua kwa kupitia shule.
- Mzazi, hakikisha mtoto ameandikishwa na hati zake ziko salama.
- Mtu akiahidi kumpeleka mtoto wako kucheza ng'ambo, usimpe pesa wala hati halisi, na usimwachie mtoto. Nenda kwanza kwenye ofisi ya ulinzi ya makazi yenu, waulize kama anajulikana.
- Wasichana nao wana haki ya kutumia uwanja. Wapangieni muda wao.
- Kama unaujua mchezo, fundisha watoto, wakimbizi na wenyeji pamoja. Deng naye alianza kwa kufundishwa na mtu aliyemtangulia.