Barua Isipoonekana Katika Kompyuta, Tuitafute Kabla ya Kulaumiana

Katika ofisi moja ya kanisa huku mashariki, mchungaji aliambiwa kwa simu kwamba mwaliko wa mkutano ulitumwa majuma mawili yaliyopita. Katibu alifungua kompyuta, akatafuta, asiuone. Mchungaji akadhani katibu ameuficha. Katibu naye akadhani wale walioalika hawasemi kweli. Tulipoitwa kusaidia, tuliukuta mwaliko katika kompyuta ileile, ndani ya sanduku liitwalo Archives.

Ofisi ile hutumia Thunderbird, programu ya barua pepe isiyolipiwa. Ndani yake, ukiwa umechagua barua na kidole kikagusa herufi A peke yake, barua huhamia Archives mara moja, wala huulizwi kitu. Haijafutwa, imehama chumba tu.

Kwa hiyo, wapendwa, barua isipoonekana tufuate njia hii, hatua kwa hatua.

Kwanza, tuangalie kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea barua zetu zote kabla hazijatufikia. Fungueni anwani ya ofisi kwa njia ya intaneti, hata kwa simu. Barua ikiwa pale, basi imefika, na shida iko katika programu yetu. Isipokuwa pale, tazameni pia kati ya barua zilizodhaniwa kuwa takataka.

Pili, tuitazame vizuri orodha yenyewe. Huenda neno lililotafutwa jana bado limeandikwa juu ya orodha, nalo linaficha barua nyingine zote. Huenda programu imeagizwa kuonyesha zile tu ambazo hazijasomwa. Huenda barua zimepangwa kwa majina badala ya tarehe, na ile mpya iko katikati. Kisha tufungue Indésirables, Corbeille na Archives, moja baada ya nyingine.

Tatu, tukumbuke umeme wetu. Kila sanduku lina faili ya barua zenyewe, na faili ndogo ya orodha ambayo jina lake huishia na .msf. Kompyuta ikizimika ghafla, orodha inaweza kuharibika, na sanduku likaonekana tupu ingawa barua zimo. Bonyezeni jina la sanduku kwa kitufe cha kulia cha panya, chagueni Propriétés, halafu Réparer le dossier. Programu itaandika orodha mpya kutoka katika barua zilizomo.

Nne, tuulize kama kuna kompyuta nyingine inayopokea barua za anwani hiyohiyo. Kuna njia mbili za kupokea. Kwa njia ya POP, kompyuta huchukua barua, na ikiwa imepangwa hivyo huiondoa kwenye seva. Basi ya nyumbani ikitangulia, ya ofisini haioni kitu. Kwa njia ya IMAP, barua hubaki kwenye seva na wote huona zilezile. Ofisi yenye watu wawili au watatu inafaa kutumia IMAP, lakini wajue kwamba mmoja akifuta, amewafutia wote.

Katika kutafuta, kuna mambo mawili ya kuepuka. Msiondoe akaunti na kuanza upya, maana barua zilizochukuliwa kwa POP zinaweza kuwa katika kompyuta hiyo tu. Tena msibonyeze Compacter. Barua iliyofutwa kwa kawaida hubaki ndani ya faili ya sanduku lake hadi kazi hiyo ifanyike; ikisha kufanyika, haipatikani tena pale. Kama hamna hakika, funga programu, nakilini faili zake zote kwenye flashi, ndipo mwite anayejua.

Haya yote yakishindikana, mwombeni aliyetuma asome anwani aliyoandika, herufi kwa herufi. Herufi moja ikikosekana, barua haitufikii.

Mwaliko ule ulipatikana siku tatu kabla ya mkutano, na wajumbe waliweza kusafiri. Lakini kabla hawajaondoka, mchungaji aliwaita wazee, na mbele yao akamwomba katibu msamaha. Kurudisha barua kulichukua dakika chache tu. Kurudisha uaminifu kati yao kulihitaji neno hilo.