Jino Litibiwe Kabla ya Ndege

Wengi wetu tunadhani tiketi ya ndege ni ya bure. Familia nyingi zilizohamia Marekani, kabla mpango ule haujasimamishwa Januari 2025, zilisafiri kwa mkopo kupitia IOM. Hauna riba, sawa, lakini watu wazima waliuwekea saini, na wakifika wanaulipa kidogo kidogo kila mwezi. Sasa ongezea na bili ya jino! Kule matibabu ya meno ni ghali.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, kwenye mita 2,000 hivi. Jino lililotoboka, kama lina hewa iliyonaswa ndani, laweza kuanza kuuma vibaya, na huko angani utamkimbilia nani? Basi mwenye tarehe ya safari, na hata asiye nayo, aende hospitali ya kambi mapema, jino likiwa linauma kidogo tu. Watoto wapige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Na ile chai ya sukari ya kulalia, jamani, tuwape maji.