Vitabu vya Bwana Msa Vimekwisha: Tusome Nini Sasa?

Iko huzuni ndogo ambayo haina matanga wala wa kuipa pole, nayo ni huzuni ya msomaji aliyefikia ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mwisho. Kwa miezi kadhaa amekaa na watu wale wale, amezizoea tabia zao, amejua ni nani asemaye kweli na ni nani mzushi. Halafu ghafla mlango unafungwa. Anakigeuza kitabu huku na huku, anakirudisha kwenye kabati, na kuanzia hapo kila kitabu kingine kinaonekana hakina chumvi.

Hivyo ndivyo vizazi vya wasomaji wa Kiswahili vilivyoachwa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni. Mtunzi wake, marehemu Muhammed Said Abdulla, alizaliwa mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti, likiwamo gazeti la Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabuni mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Jumla ni vitabu saba. Mzee Abdulla alifariki dunia mwaka 1991, na cha nane hakitakuja.

Ndugu msomaji, huenda ukaliona jambo hili ni la anasa. Lakini litazame kutoka Ipinda, katika Wilaya ya Kyela, kwenye njia iendayo Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Hapo mtu hulima mpunga, huvuna kakao na ndizi, na mvua za Machi hadi Mei zikishika, jioni huwa ndefu na njia huwa tope. Huo ndio wakati wa kusoma. Lakini katika miji midogo ya namna hiyo madaftari na vitabu vya shule hupatikana kwa urahisi kuliko riwaya. Msomaji wa Dar es Salaam aliyemaliza kitabu hushuka kwenye meza za vitabu vikuukuu akachagua kingine. Wa Ipinda akimaliza, aghalabu huacha kusoma.

Na kuacha kusoma kuna gharama. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986, baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima. Maktaba za vijiji zilianzishwa wakati huo kwa sababu iliyo wazi: aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, husahau. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta kwamba karibu watu 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Basi siku mfululizo unapokwisha ndiyo siku ya hatari. Ama msomaji huvuka akaingia kitabu kingine, ama hubaki ng'ambo hii maisha yake yote.

Kosa la wengi wetu ni kumtafuta shujaa yule yule. Tunafungua kitabu kipya tukitaka kumwona Bwana Msa, tunamkosa, tunakifunga. Afadhali msomaji ajiulize kwanza: katika vitabu vile nilipenda nini hasa? Jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha njia.

ALIYEPENDA FUMBO

Kama ulipenda kukisia mwuaji kabla hajatajwa, ujue kwamba Bwana Msa ana ndugu wengi bara. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, miaka mitano tu baada ya Mzimu. Aristablus Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alituletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Gamba hakai kitini akawaza kama Bwana Msa. Yeye ni jasusi wa mbio na bastola, na adui zake ni makaburu na vibaraka wao, katika miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Baada yake yuko Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, katika Najisikia Kuua Tena na Tutarudi na Roho Zetu? Hapa msomaji atapata mfululizo mpya baada ya mfululizo. Tahadhari moja kwa wazazi: baadhi ya vitabu hivi vina damu na mapenzi ya wazi, si vya kuwapa watoto wadogo.

ALIYEPENDA UNGUJA

Pengine hukupenda upelelezi, ila ulipenda vichochoro, mashamba ya karafuu na Kiswahili kile kitamu. Basi usiondoke kisiwani. Mohamed Suleiman Mohamed ameandika Kiu (1972), juu ya mapenzi na tamaa ya mali, na Nyota ya Rehema (1976), juu ya binti anayenyimwa haki yake nyumbani kwa babaye. Adam Shafi amewaandika wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948 katika Kuli (1979), kisha akamwandika Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee asiyempenda, katika Vuta n'kuvute (1999). Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, sasa anasomeka kwa Kiswahili: riwaya yake ya mwaka 1994 imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatoka Dar es Salaam mwaka 2022. Humo kijana Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa sababu ya deni.

ALIYEPENDA KUJUA NANI MKOSA

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, watu wanaogopa mizimu, lakini Bwana Msa anataka ushahidi. Kama hilo ndilo lililokuvuta, yaani kutokubali jibu jepesi, jaribu Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Hamna mpelelezi humo. Kuna baba mkali, binti anayelelewa kwa fimbo, na maisha yanayoharibika. Na msomaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuamua nani alaumiwe. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha kikaja kusomwa humo humo. Baba na mama wakikisoma pamoja watakuwa na mazungumzo ya wiki nzima.

ALIYEPENDA KUISHI NA WATU WALE WALE

Wako wasiojali fumbo wala mahali. Wanachotaka ni kukaa muda mrefu na watu waliowazoea. Hao waelekezwe kwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake, alichokitafsiri mwenyewe, kilichapwa mwaka 1980 kwa juzuu mbili. Ni habari ya mume na mke wasio na mtoto, wanaosumbuliwa na jamaa lakini wakashikamana. Mtu wa Ziwa Nyasa atayatambua mengi humo: mitumbwi, uvuvi, migomba, pombe, na adabu ya wakwe.

Na wa Kyela wasisahau kwamba kwao kuna mtunzi. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wao kuanzia mwaka 2005 hadi 2020, alichapisha riwaya ya Pepo ya Mabwege mwaka 1981, miaka mingi kabla ya kuingia bungeni.

GUNIA LIPANDE, KITABU KISHUKE

Majina ya vitabu peke yake hayasomeki. Vingine ni vya zamani na nakala zake ni za kutafuta. Hapa ndipo ndugu zetu wafanyakazi wa mjini wanapohusika. Kila mwaka baada ya mavuno, mchele wa Kyela hupakiwa ndani ya mabasi kwenda kwa mwana aliyeko Mbeya, kwa shangazi aliyeko Dar es Salaam. Mwana naye akienda likizo hubeba sukari, kanga na sabuni. Aongeze kitabu kimoja. Apite kwenye meza za vitabu vikuukuu, aulize majina haya, asisubiri kipya wala chenye jalada zuri.

Na huko Ipinda majirani wapatane. Nyumba tano zikiwa na kitabu kimoja kimoja, tena visivyofanana, kila nyumba imepata vitabu vitano. Daftari la shule linatosha kuandika nani amechukua nini na lini atarudisha. Asomaye vizuri awasomee wengine kwa sauti, bibi na babu wakiwamo, maana macho yakichoka masikio hayachoki.

Mwisho, tukipokee kitabu kipya kama mgeni. Mgeni haulizwi mlangoni mbona hafanani na yule aliyeondoka jana. Hukaribishwa, hupewa kiti, husikilizwa. Kipe kitabu kurasa thelathini kabla hujakihukumu. Kisipokufaa, mpe jirani, uchukue chake.