Pikap ya zamani ao ya sasa: ipi inaweza njia ya Lokandu?

Kati ya Kindu na Lokandu watu wanapita kwa mtumbwi na kwa pikipiki. Gari ni chache, na zile zinazojaribu njia mara nyingi ni pikap za Toyota Land Cruiser. Leo inabeba mchele na mawese, kesho inabeba mama anayekimbizwa kuzaa Kindu. Kwa hiyo mwenye kununua lazima achague vizuri.

Sura ya gari hii inadanganya. Toyota ilianza kuitoa mwaka wa 1984, na toka pale umbo halikubadilika sana. Fungua boneti kwanza. Mwaka wa 1990 ilikuja motere ya 1HZ: silinda 6, litri 4.2, bila turbo. Pampu yake inasukuma mazutu bila kompyuta. Hata kisha 2020, motere hiyo iliendelea kutiwa katika gari mpya za kuuzwa Afrika. Basi "mpya" inaweza kuwa ya zamani ndani, na si ubaya!

Mpya kabisa ni ile yenye motere ya 1GD: silinda 4, litri 2.8, turbo na kompyuta. Kwa nguvu, hakuna mabishano. Inavuta 450 Nm ao zaidi, 1HZ karibu 285 tu, na tena inakunywa mazutu kidogo. Shida ni enjektere. Matundu yake ni madogo sana na mazutu inapita kwa msukumo mkali. Mazutu ya bidoni, yenye maji na mchanga, inaziharibu upesi. Hapo fundi wa kijiji, hata awe hodari namna gani, anahitaji mashine ya kusoma kompyuta, na pyesi zingojewe Kindu, kwa treni ao kwa ndege. Gari inalala porini na mzigo unaoza.

Kuna pia resori. Pikap za mbele ya 1999 ziko na resori za majani mbele na nyuma. Zinatikisa mgongo, lakini jani likivunjika, fundi anakata lingine kwenye gari iliyokufa. Kisha 1999 mbele waliweka resori za kuzunguka: raha kwa shofere, ila ikivunjika hakuna wa kuichonga.

Lakini ya zamani nayo iko na mtego. 1HZ inatumia mkanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 100.000 hivi. Mkanda ukikatika, vali zinaweza kugonga pistoni, na motere imekwisha. 1GD inatumia mnyororo. Kwa hiyo anayenunua okazyo, muuzaji akishindwa kusema mkanda ulibadilishwa lini, ahesabu bei ya mkanda mpya ndani ya bei ya gari, na aubadilishe mbele ya kutoka Kindu.

Kwa motere zote mbili, shofere achuje mazutu kwa kitambaa safi, na afungue kizibo cha chini ya filtre kutoa maji, zaidi sana wakati wa mvua.