Usingizi wa Mbwa: Kiasi Kinachotosha na Dalili za Kuangalia

Wananchi wengi wanaofuga mbwa majumbani hujiuliza iwapo mbwa anayelala sehemu kubwa ya mchana ni mgonjwa, ni mvivu, au ndivyo alivyoumbwa. Swali hilo lina uzito, kwa kuwa jibu lake hugusa afya ya mnyama, usalama wa familia na fedha za mfugaji. Katika sura hii tunaeleza kiasi cha usingizi anachohitaji mbwa, mazingira yanayomwezesha kuupata, na wakati ambapo usingizi huo unapaswa kumtia mfugaji wasiwasi.

Kiasi cha usingizi

Mbwa mzima mwenye afya hulala takriban saa 12 hadi 14 katika kila saa 24. Mtoto wa mbwa huhitaji saa 18 hadi 20, kwa sababu mwili na ubongo wake vinakua kwa kasi. Mbwa mzee naye hulala zaidi ya alivyokuwa akilala ujanani. Viwango hivi ni makadirio. Umri, umbo, kazi na hali ya hewa huvibadilisha.

Tofauti na binadamu, mbwa halali kwa mkupuo mmoja. Hulala vipande vipande, usiku na mchana, na sehemu kubwa ya usingizi wake ni wa mang'amung'amu, masikio yakiwa kazini. Usingizi mzito humjia kwa vipindi vifupi. Hapo miguu hutikisika, kope huchezacheza, na pengine hutoa sauti kama anayebweka kwa mbali. Mfugaji asishtuke, mara nyingi mnyama anaota. Wala asimguse, kwani anaweza kuuma kabla hajamtambua aliyemgusa. Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Watoto wafundishwe kwamba mbwa aliyelala huitwa kwa jina kutoka mbali, haguswi.

Mbwa wa ulinzi na mapumziko ya mchana

Katika kaya nyingi mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Hufunguliwa usiku, na kunapokucha hufungwa au hurudishwa bandani. Mwenye nyumba huamini kwamba mnyama amepumzika, kwa sababu tu hatembei. Imani hiyo mara nyingi si sahihi.

Mbwa hapozi mwili kwa kutokwa jasho kama binadamu. Hutegemea zaidi kuhema. Akiwekwa katika banda la bati lisilopitisha hewa, hushinda akihema badala ya kulala. Akifungwa karibu na geti, hushtushwa na kila bodaboda na kila mpita njia. Usiku unapoingia huwa amechoka. Huenda akasinzia wakati wa lindo, au akawa mkali kupita kiasi, akibweka ovyo na kuwa mwepesi wa kuuma, hata kwa watu wa nyumbani. Wapo wanaomwondoa mbwa wa namna hiyo na kununua mwingine, ilhali kasoro imo bandani. Mbwa mpya akiingia katika banda lilelile, gharama hurudiwa na hatari hubaki.

Mahali pazuri pa kupumzikia hapahitaji gharama kubwa. Mfugaji ahakikishe yafuatayo:

- Banda lina kivuli na linapitisha hewa, na halivuji wakati wa mvua.
- Sakafu ni kavu na imeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Mbao na gunia safi vinatosha.
- Nafasi inamwezesha mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha akilala.
- Maji safi yapo wakati wote.
- Banda liko mbali na geti na mahali watoto wanapochezea.
- Kupe na viroboto wamedhibitiwa, kwa kuwa mwasho humnyima mnyama usingizi.

Tunawakumbusha wafugaji wa Tanzania kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama kuzingatia ustawi wake. Kumfunga mbwa juani kwa mnyororo mfupi hakupatani na wajibu huo.

Kabla ya kununua mtoto wa mbwa

Mnunuzi asikubali kuuziwa mtoto wa mbwa mwenye umri wa chini ya wiki 8, kwani bado anahitaji kuwa na mama yake. Amtazame akiwa amelala na akiwa macho. Mwenye afya hulala sana, lakini akiamka hucheza na kula kwa hamu. Aliyelegea hata baada ya kuamshwa asinunuliwe kabla ya kupimwa. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya mtoto wa mbwa hulia kwa upweke. Alazwe karibu na watu kwa siku chache. Asipewe dawa za usingizi wala za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu, kwani baadhi yake zinaweza kumuua.

Mabadiliko yasiyopaswa kupuuzwa

Mfugaji asimpime mbwa wake kwa mbwa wa jirani. Amlinganishe na mazoea yake mwenyewe. Mbwa anayeanza ghafla kulala kupita kawaida, akakataa chakula, akawa na homa au ufizi uliopauka, huenda ana ugonjwa unaoenezwa na kupe. Asiyetulia usiku huenda ana maumivu au mwasho. Katika hali zote mbili, daktari wa mifugo aonwe mapema.

Dalili za kichaa cha mbwa zinahitaji tahadhari ya pekee. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, au mkali akawa mnyong'onyevu, akatokwa mate mengi, akashindwa kumeza au sauti yake ikabadilika, asiguswe. Taarifa itolewe mara moja kwa ofisa mifugo. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa huu dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo; chanjo inayotolewa mapema huuzuia.

Tunamshauri kila mfugaji atenge wiki moja ya kuandika saa ambazo mbwa wake hulala na mahali anapolala. Kumbukumbu hiyo itamwonyesha iwapo banda linafaa, na itamsaidia daktari wa mifugo siku atakapohitajika.