Jinsi ya Kupima Ukali wa Mazoezi ya Nyumbani

Wasomaji wengi wa gazeti letu hufanya mazoezi ya viungo wakati wa likizo, na kwa kuwa wananiona nikiruka kamba nyuma ya bweni kila jioni, huniuliza swali moja: "Nifanye mara ngapi?" Swali hilo si baya, walakini nimeona kwamba si la kwanza. La kwanza ni hili: je, zoezi hili linanichosha kiasi gani leo? Tofauti ya maswali hayo mawili nilijifunza kwa njia isiyopendeza, na aliyeumia si mimi bali ni baba yangu. Kwa hiyo naomba nieleze.

Katika rafu ya mwisho ya maktaba yetu kuna kijitabu kilichochakaa cha Jeshi la Anga la Kanada, kiitwacho 5BX. Mpango uliomo ulitungwa na Bwana Bill Orban mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya askari waliokaa vituo vya mbali pasipo na vyombo vya mazoezi. Hakuna kinachohitajiwa ila sakafu na saa. Mazoezi ni matano: kuinama na kugusa vidole vya miguu, kulala chali na kuinuka, kulala kifudifudi na kuinua kichwa na miguu, pushapu, na kukimbia papo hapo. Yote huchukua dakika 11, yaani mbili kwa zoezi la kwanza, moja moja kwa matatu yanayofuata, na sita kwa mbio. Yako majedwali sita, na kila jedwali lina ngazi 12. Dakika haziongezeki hata kidogo tangu ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kinachoongezeka ni kazi ndani ya dakika zile zile. (Wataalamu wa siku hizi hawapendi kuinuka kwa miguu iliyonyooshwa kama inavyoonyeshwa kijitabuni, kwa sababu ya mgongo. Mimi hukunja magoti.)

Mahali pamoja kijitabu kinasema kwamba kijana asiyezidi miaka 20 aweza kupanda ngazi moja kila siku, lakini mtu wa miaka 50 hadi 59 hana budi kukaa siku 8 katika kila ngazi. Mstari huo niliusoma, nikaupita kama mtu apitaye kibao cha njiani.

Likizo ya Desemba nilipofika nyumbani, karibu na Soni katika milima ya Usambara, nilimkuta Baba ana habari mpya. Ana miaka 52. Zahanati walimwambia kwamba shinikizo la damu yake limepanda, wakampa vidonge, na wakamshauri atembee na kufanya mazoezi mepesi. Mimi nilifurahi mno. Nilikuwa nimekwisha nakili majedwali yote katika daftari, nikajiona kama mwalimu wa michezo aliyetumwa na Serikali. Nikamwambia, "Baba, kesho alfajiri tunaanza." Naye kwa upole wake akakubali.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili nilimpandisha na kumshusha ngazi za baraza, mimi nikihesabu kwa sauti, huku nikishika mkono wake kila baada ya dakika mbili kupima mapigo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: toa umri katika 220, unabaki na 168; asilimia 70 ya 168 ni karibu 118. Basi mapigo yake yalipokuwa 104 nikasema, "Bado, Baba, ongeza kidogo, hujafika." Akaongeza. Nikapima tena: 106. Nikasema bado. Mara akaketi chini pale pale, uso umebadilika rangi, jasho linamtoka, na nilipomwita hakunijibu. Alikuwa anasikia, ila hakuwa na pumzi ya kujibia. Mama alitoka jikoni mbio, akaniambia maneno ambayo sitayaandika yote humu. Moja lilikuwa, "Wewe mtoto, unataka kunifanya mjane kwa daftari lako?"

Baada ya robo saa Baba alirudi katika hali yake, na tukampeleka zahanati. Muuguzi aliuliza anameza dawa gani, akatazama pakiti, kisha akaniuliza mimi nilikuwa nikipima nini. Nilipomwonyesha daftari alitikisa kichwa. Alieleza kwamba dawa ya namna ile huuzuia moyo usiende mbio. Mtu akitumia dawa hiyo anaweza kuchoka kabisa ilhali mapigo yake hayajafika hata 110. Kwa hiyo namba niliyoiamini ilikuwa ya uongo kwa Baba, ingawa ilihesabiwa kwa haki. Akasema, "Acha mkono wake. Sikiliza maneno yake. Akiweza kuzungumza nawe lakini hawezi kuimba, hapo ndipo. Akikujibu neno moja moja tu, mmezidisha. Na akisema kifua kinabana, msimame na mje hapa upesi."

Nimelitafakari neno hilo sana. Mtu akifanya kazi ya kiasi, pumzi huongezeka lakini bado hutosha kwa mazungumzo. Wimbo hukatika, kwa kuwa wimbo wataka pumzi ndefu. Kazi ikiwa kali, mapafu hayana nafasi ya maneno, na mtu hutoa mawili matatu kisha hunyamaza. Kipimo hiki hakihitaji saa wala hesabu, na tena kinakwenda na mtu mwenyewe. Mwenye nguvu na mnyonge wakipanda kilima kimoja, kila mmoja huonywa na pumzi yake.

Hata hivyo sisemi kwamba kuhesabu mapigo hakuna faida. Kwangu mimi nisiyetumia dawa, kumenifaa sana, nikishika masharti yake. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mara tu unapomaliza zoezi, kwa sababu moyo hupoa haraka, na ukisubiri dakika moja unapima kitu kingine. Hesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Wengine huhesabu kwa sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, lakini ukikosea pigo moja umekosea sita. Kadhalika ujue kwamba ile kanuni ya 220 ni ya wastani tu. Wako watu wazima ambao kikomo cha moyo wao kiko mapigo 10 au zaidi chini ya hesabu hiyo, na wengine juu yake, na kwa vijana wa umri wetu haiaminiki sana. Mwaka 2001 wataalamu walitoa nyingine, yaani 208 kutoa saba ya kumi ya umri, nayo pia ni ya wastani.

Hesabu iliyonifaa zaidi inatokana na kazi ya mtaalamu wa Finland, Martti Karvonen, iliyotangazwa mwaka 1957. Yeye hakuanza na kikomo peke yake, bali alitia pia mapigo ya mtu anapopumzika. Mwanzoni mwa likizo mapigo yangu ya asubuhi, kabla sijatoka kitandani, yalikuwa 72. Kikomo changu kwa kanuni ya kawaida ni 203. Tofauti yake ni 131, nayo ndiyo akiba yangu. Asilimia 60 ya akiba hiyo ni karibu 79. Ongeza 72 upate 151. Basi nikifanya zoezi na mapigo yakawa karibu 150, najua nimetumia zaidi ya nusu ya akiba yangu.

Sasa nafika penye kiini cha habari. Siku za kwanza, kupanda na kushuka ngazi za baraza kwa dakika tatu, hatua zile zile kwa dakika, kulinifikisha 152. Baada ya wiki tano, ngazi zile zile na mwendo ule ule, nilipata 134. Mapigo ya asubuhi nayo yalishuka hadi 65. Mdogo wangu alidhani nimekuwa mvivu. La, moyo ulikuwa umejifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo haukuhitaji kupiga mara nyingi kama zamani. Kazi ilibaki ile ile ila ukali wake umepungua. Mtu anayeshikilia idadi yake ya mwezi wa kwanza na kujisifu kwamba hajaruka hata siku moja, aghalabu anafanya zoezi jepesi bila kujua. Hupati hasara kwa hilo, ila usishangae kwamba huendelei.

Kipimo cha tatu kilitungwa na Gunnar Borg wa Uswidi katika miaka ya 1960. Ni ngazi ya namba kuanzia 6 hadi 20, ambayo mtu hujitajia mwenyewe jinsi anavyoona kazi. Sita ni kama kuketi tu. 11 ni nyepesi. 13 ni ngumu kiasi. 15 ni ngumu. 17 ngumu sana. 20 ni mwisho wa nguvu zote. Utashangaa kwa nini hakuanza na moja. Sababu yake ni kwamba ukizidisha namba hiyo kwa 10, kwa kijana mwenye afya unapata mapigo ya moyo kwa kukadiria. Nilipojaribu, siku nilizosema 15 mapigo yalikuwa karibu 150, na nilijivuna kidogo. Lakini kipimo hiki chataka ukweli. Ukifanya mazoezi mbele ya wenzako, hasa mbele ya wasichana wa jirani, kila kitu kitakuwa 9.

Tangu hapo kanuni yangu imekuwa hii. Zoezi lililokuwa 13 likigeuka 11 kwa siku tatu mfululizo, naongeza jambo moja, wala siongezi mawili. Ama naongeza mwendo, ama napunguza muda wa kupumzika, ama nabadili namna yake. Pushapu kwa mfano zina namna nyingi: aliye dhaifu asukume ukuta, kisha meza imara, kisha sakafu, kisha sakafu huku miguu iko juu ya kigoda. Katika mazoezi ya nguvu kama hayo sipimi mapigo, kwani mikono huchoka kabla ya moyo. Najiuliza ningeweza kupiga nyingine ngapi kabla ya kushindwa. Jibu likiwa mbili au tatu, yatosha. Likiwa kumi, nimechezea tu.

Tena kuna siku ambazo kipimo hupanda bila kazi kuongezeka. Joto hufanya hivyo, na usingizi mchache pia. Mwezi wa Februari mapigo yangu ya asubuhi yalikuwa 80 badala ya 65, na mchakamchaka wa kawaida niliuona kama 17. Niliomba ruhusa nikapumzika. Jioni yake homa ilikuja, na kipimo kikaonyesha malaria.

Hapo napenda kusema neno juu ya mchakamchaka wetu wa asubuhi, na viranja wanisamehe. Tunakimbia wote kwa mwendo mmoja, nao ni mwendo wa kaka wakubwa walio mbele. Sheria yataka kila mtu aitikie wimbo, na asiyeitikia hupewa adhabu ya kufagia. Mimi nimekimbia nyuma kabisa kwa wiki mbili ili nione. Wale wadogo wa Kidato cha Kwanza wasioimba si wakaidi. Hawana pumzi. Kwa kipimo cha yule muuguzi wamekwisha kupita kiasi tangu penye lango, na sisi tunawaadhibu kwa kutuambia ukweli. Nashauri tugawanywe makundi matatu kwa mwendo, wala si kwa kidato, na kila kundi liende kwa mwendo ambao wimbo unasikika nusu nusu. Kila mwezi mtu apimwe upya, ahamie kundi la mbele akiweza. Nimekwisha kumpelekea mwalimu wa michezo shauri hili kwa maandishi.

Tukirudi kwa Baba, alianza upya kwa kutembea tu, na vidonge vyake aliendelea kumeza, kwa kuwa mazoezi si badala ya dawa. Njia ya kutoka nyumbani hadi sokoni ina kilima kimoja kikali. Nilikwenda naye kila asubuhi bila daftari, nikimwomba anihadithie mambo ya ujana wake. Maneno yake yalipokatika tulisimama. Wiki ya kwanza yalikatika penye ua wa michongoma, na hadithi ya safari yake ya kwanza Tanga haikufika hata Mombo. Siku nane tukakaa hapo hapo kama kijitabu kilivyosema. Nilipoondoka kurudi shule alikuwa anafika penye mkuyu, karibu nusu ya kilima, naye anapumzika hapo kidogo.

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu kwa mwalimu wa zamu, nikaitwa. Alisema Baba amefika sokoni pasipo kusimama penye mkuyu, na kwamba njia nzima alikuwa akimwongelesha juu ya bei ya viazi mpaka yeye Mama akamwomba anyamaze kidogo, kwa kuwa sasa aliyeishiwa pumzi alikuwa ni yeye.