Matete na mafunjo: njia nafuu ya kusafisha majitaka ya viwanda vidogo

Mkoa wa Tabora hauuzi asali peke yake. Maembe, karanga, mpunga na ng'ombe nao huingia sokoni. Lakini kila anayesindika mazao hayo, awe na machinjio au mashine ya juisi, hubakiwa na bidhaa isiyo na mnunuzi: majitaka.

Bidhaa hiyo ina gharama. Damu, mafuta na sukari vikioza kwenye mtaro humaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji, huleta harufu na huweza kuchafua visima vya jirani. Kanuni za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka uchafu unaooza, unaopimwa kwa oksijeni inayotumika kwa siku 5, usizidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka ya machinjio mara nyingi huzidi 1,000.

Dawa mojawapo iko karibu. Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, baada ya kupita Tabora, ililazimika kuvuka mto Malagarasi wenye mabwawa ya mafunjo na matete. Mimea hiyo hiyo hupandwa kwenye shimo lisilovuja, lililojazwa kokoto kina cha sentimita 60 hivi. Maji hupita polepole kati ya kokoto. Wafanyakazi hasa ni bakteria walioshika mawe na mizizi. Mimea huwapelekea hewa kidogo kupitia mashina yake. Penye mteremko, umeme hauhitajiki.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko Arusha, kampuni ya Banana Investments, inayotengeneza pombe ya ndizi, iliijaribu chini ya mpango wa Bio-Innovate ulioanza mwaka 2010. Majitaka yalipitishwa kwanza kwenye mtambo wa gesi, ndipo yakaenda kwenye mimea.

Mpangilio huo ndio siri ya mafanikio. Anayepeleka mafuta na makapi moja kwa moja kwenye kokoto ataziziba mapema. Anza na chujio na karo la kutega mafuta, kisha tangi la kuozesha, na mwisho mimea.

Je, eneo gani linatosha? Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 5 kwa siku, na maji yakae siku 5. Hayo ni mita za ujazo 25. Kwa kuwa nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, zinatakiwa kokoto mita za ujazo 63 hivi, yaani eneo la mita za mraba 105. Majitaka makali huhitaji zaidi.

Kwa Tabora kuna tahadhari moja kubwa. Msimu wa maembe ni mfupi na kiangazi ni kirefu. Kiwanda kikifungwa, mimea hukauka na bakteria hufa. Unganisha bomba la maji ya kuogea na kunawia ili bustani ibaki na unyevu mwaka mzima.

Usipande magugumaji, yaliyokwishaleta hasara Ziwa Victoria. Maji yakishapimwa na kufaa, mwagilia miti, si mboga zinazoliwa mbichi. Mwenye kiwanja na kokoto za karibu apige hesabu sasa, kabla mkaguzi hajabisha hodi.